Mikahawa ya Kiasia na ya mapishi mseto hapa Malindi: wageni niwapeleke wapi?

Karani wa Barani

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Malindi. Nilihamia hapa kikazi mwaka jana nikitokea Nakuru, na tangu hapo chakula changu kingi hutoka kwa mama mmoja wa Barani anayepika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, kwa hiyo sijapata sababu ya kuzijua meza za mikahawa. Mwezi wa Mei, hata hivyo, dada yangu na mumewe watanitembelea kwa siku nne. Waliishi Guangzhou kwa miaka sita na wamezoea vyakula vya Kichina, vya Kithai na vya Kihindi, na kila tunapozungumza kwa simu swali lao la kwanza ni watakula wapi. Mama mkwe wa dada atafuatana nao, naye hali kitu asichohakikishiwa kuwa ni halali. Shemeji kwa upande wake hawezi kula kamba, kwa sababu humvimbisha midomo.

Jumamosi iliyopita nilifanya majaribio katika mkahawa mmoja wa Barabara ya Lamu ambao ubaoni umeandika kwamba unapika vyakula vya Asia. Niliagiza mchuzi wa kijani wa Kithai, nikaletewa kuku wa tui la nazi aliyetiwa manjano na pilipili hoho. Alikuwa mtamu, sikatai, lakini ni kuku yule yule ninayemla Barani, tofauti ikiwa ni bei na jani la mrihani lililosimamishwa juu yake. Je, kuna mahali pa kweli pa kula vyakula hivyo, au mapishi yanayochanganya pwani na Asia kwa ustadi, bila kuvuka shilingi 2,500 kwa kila mtu?

Bi Hulinjani wa Shela

Wa alaikumu salaam, mwanangu. Nimeisoma habari ya mchuzi wako wa kijani nikacheka, kisha nikamsikitikia mpishi, maana vingi alivyovihitaji vimo mjini humu humu: mchaichai unaota nyuma ya nyumba zetu, hulinjani, ule mzizi wa jamii ya tangawizi, inauzwa na wenye maduka ya viungo, mrihani na pilipili havina uhaba, na nazi ndiyo sisi wenyewe. Alichokosa ni sosi ya samaki, majani ya ndimu ya Kithai, na pengine hamu ya kutwanga.

Asia, lakini, haikuletwa Malindi na ubao wa mkahawa. Mwaka 1415 mji huu ulimpelekea mfalme wa China twiga, na ukifika Mambrui utaliona kaburi la mnara lililopachikwa bakuli za Kichina. Wapeleke wageni wako huko asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Jikoni, hata hivyo, aliyetuachia alama kubwa ni Mhindi. Chapati, bajia, achari, kachumbari, hata karai tunalokaangia, ni majina yaliyovuka bahari pamoja na vitu vyake.

Ndiyo maana mimi nisingewapeleka wageni hao kula chakula cha Kihindi cha kubahatisha. Wape biriani. Biriani yetu si ile ya Hyderabad, ambako nyama mbichi iliyolowekwa viungo hulazwa chini ya wali ulioiva nusu, chungu kikazibwa kwa kinyunga cha unga na vyote vikaivia pamoja. Sisi rojo tunalipika mbali, kwa nyama iliyolainishwa na papai bichi, mtindi, nyanya na vitunguu vingi vilivyokaangwa mpaka vikawa vyekundu, na wali tunaupika peke yake ukatiwa zafarani au rangi. Vinakuja kukutana sahanini. Mwingine wa kumwonjesha shemeji yako ni kuku wa kupaka, ambaye Wahindi wa Afrika Mashariki humwita kuku paka: anachomwa kwanza juu ya makaa, ndipo anapoingizwa katika tui zito lenye manjano, pilipili na ndimu. Hayo ndiyo mapishi mseto ninayoyatambua mimi, ijapokuwa nyumbani kwetu mseto ni wali uliopikwa na pojo, na anayetaka kuuza neno hilo kwa bei ya hoteli namwacha auze.

Jambo moja tu: usitegemee kuvipata vizuri kwa kuingia mlangoni wakati wowote. Biriani nzuri ni ya Ijumaa mchana, au ni ya kuagiza siku mbili mbele kwa mama anayepika nyumbani na kuipakua katika sinia.

Mpishi Mstaafu

Bi Hulinjani amesema kweli kuhusu biriani, lakini amewaonea kidogo wapishi wa mikahawa. Nimefanya kazi miaka kumi na mitatu katika jikoni za Kiitaliano upande wa Casuarina na mitatu katika jikoni ya Kichina Mombasa, na naomba nieleze kwa nini ubao wa Barabara ya Lamu ulikudanganya.

Mapishi ya kigeni ya Malindi yamelelewa na Waitaliano. Walianza kuja kwa wingi miaka ya 1960 pamoja na San Marco, kituo cha Italia cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, ambacho setilaiti yake ya kwanza ilirushwa kutoka jukwaa la baharini mwezi wa Aprili 1967, na nyuma yao zikafuata hoteli, nyumba za likizo na mikahawa. Mpishi kijana wa hapa hujifunza kwanza kuchemsha tambi za Kiitaliano zibaki na kiini, kufungua kaa na kukata jodari; mambo ya Asia anayaokota baadaye, mara nyingi kutoka katika simu yake. Kwa hiyo mchanganyiko wenye mizizi mjini kwetu ni wa Italia na pwani: tambi za kaa zilizotiwa pilipili na ndimu, au pweza aliyepikwa polepole kwa nyanya. Mkahawa wa Baby Marrow, upande wa Silversands, unajulikana kwa mapishi ya Kiitaliano na vyakula vya bahari, na mtu aliyekula Asia miaka sita huenda akafurahia zaidi huko kuliko kula mchuzi wa kijani usio wa kijani. Kwa huyo mama mkwe, hata hivyo, lazima uulize mapema, kwa sababu jikoni nyingi za Kiitaliano hutumia mvinyo na nyama ya nguruwe, na sufuria ni zile zile. Jikoni za Kichina na za Kijapani nazo zina mvinyo wa mchele ndani ya sosi, na mhudumu wa mezani anaweza asijue; swali hilo mpelekee mpishi.

Kuhusu Kichina nitasema moja. Karai la Kichina linataka moto mkali kuliko wa jiko la kawaida la gesi, na jiko likiwa dhaifu mboga hutoa maji, tambi hugandana, na mpishi huficha aibu kwa wanga wa mahindi na sosi ya soya. Ukitaka kuupima mkahawa bila kutumia fedha nyingi, agiza kwanza sahani ya mboga za majani zilizokaangwa na vitunguu saumu. Zikija zikiogelea, kunywa soda yako uondoke. Na usiulize jina la mkahawa peke yake, uliza ni nani anayepika siku hizi, kwa sababu wapishi wetu huhama kila msimu na sifa ya mwaka juzi hubaki ukutani bila mwenyewe.

Mkiwa tayari kusafiri kidogo, nendeni Watamu, mwendo wa kama nusu saa. Mkahawa wa Pilipan unachanganya mapishi ya pwani na ya Asia, na si mbali na hapo, katika mikoko ya Mida, kikundi cha jamii cha Dabaso kina mkahawa wa mbao juu ya maji ambao sambusa zake za kaa zimeupatia jina. Unga wa Kihindi, kaa wa mikokoni na ndimu ya shambani: ukinitaka nikuonyeshe mseto, nitakuonyesha hiyo.

Muuguzi wa Zamu

Naomba radhi kumkata kauli Mpishi Mstaafu, lakini sambusa hizo za kaa zisimkaribie shemeji. Aliyevimba midomo kwa kamba mara nyingi hudhuriwa na kaa na kambamti pia, kwa kuwa wote wana protini inayofanana. Vilevile mchuzi wa kijani wa Kithai uliopikwa kwa desturi yake huwa na kamba waliosagwa ndani ya viungo vyenyewe, kwa hiyo yule mpishi aliyekuuzia kuku wa Barani angemwokoa shemeji bila kujua. Aulize pia kuhusu mafuta, kama yamekaangiwa kamba kabla.

Mkifikiria samaki mbichi wa Kijapani, ulizeni amegandishwa vipi. Ushauri unaofuatwa Marekani ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 ili minyoo ife, na mji wenye umeme wa kukatika unahitaji jenereta inayoaminika. Jodari na nguru wakiachwa katika joto hutengeneza histamini, ambayo haiondoki hata samaki akichomwa akawa mkaa. Mtu huwashwa na kuwa mwekundu uso, akadhani ni pilipili.

Dereva wa Tuktuk

Mei ni masika, mheshimiwa. Mikahawa mingi ya ufukweni hufunga baada ya Pasaka ikangoja Julai, kwa hiyo piga simu kwanza kabla hujamvalisha mama mkwe buibui la kutokea. Uliza pia kama bei ya orodha imejumuisha kodi ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, la sivyo hizo 2,500 zako zitavuka. Mkienda Watamu jioni, panga gari la kurudi kabla ya kuagiza chakula.

Karani wa Barani

Nawashukuru nyote, na Muuguzi zaidi, kwa sababu Dabaso ndiko nilikokuwa nimeshaamua. Sasa naona hivi: Ijumaa mchana biriani, Jumamosi Watamu ikiwa watakuwa wamefungua, huku shemeji akiagiza samaki wa kuchoma, na Jumapili kuku wa kupaka. Chakula cha Kichina nitakitafuta kwa kile kipimo cha mboga kabla hawajafika. Bi Hulinjani, nitampata wapi huyo mama wa sinia?

Bi Hulinjani wa Shela

Umeshampata, mwanangu. Niandikie kwa faragha idadi ya watu, na unijulishe kabla ya Jumatano kama mama mkwe anapenda mbuzi au ng'ombe, maana papai la kulainishia ng'ombe sharti nilichume mapema.