Tafakuri ya somo la Historia: niandike nini zaidi ya muhtasari?

Mwanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), Tabora: Mwalimu wetu alitupeleka Kwihara, karibu na Tabora, kwenye tembe ambamo mmisionari na mpelelezi David Livingstone aliishi mwaka 1872, kisha akatutaka tuandike tafakuri. Yangu imerudishwa kwa sababu, kwa maneno yake, nimeeleza nyumba bila kueleza nilichojifunza. Je, tofauti ni ipi hasa?

Mwalimu mstaafu: Mwanangu, anza na swali lililokusumbua ukiwa pale. Kwa mfano, misafara ya biashara iliyopita Unyanyembe, eneo hilo la Tabora, ilitegemea wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Lakini nyumba imehifadhiwa kwa jina la mgeni. Ukieleza jinsi jambo hilo lilivyobadili namna unavyosoma vyanzo vya historia, utakuwa umetafakari.

Mwanafunzi wa HKL, Tabora: Shikamoo, Mwalimu, na ahsante. Kumbe ndicho nilichokifikiria tukirudi, nikaona aibu kukiandika.

Mdau wa Kigoma: Sisi tulipokwenda Ujiji, tuliigiza Livingstone alivyokutana na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871, sisi tukichukua nafasi ya wenyeji. Niliyeigiza muuza samaki nilikosa la kusema, na ukimya huo ndio uliojaza kurasa zangu mbili.