Naomba ushauri: samaki wangu wawili wa mapambo aina ya diskasi wamekuwa weusi na hawali

Habari zenu wakuu. Nina tangi la lita 240 lenye diskasi sita, wana wiki tatu tu tangu niwalete. Hita ni moja ya wati 200, maji yanakaa nyuzi 29, na chujio ni la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Kila Jumapili nabadilisha asilimia 30 ya maji.

Sasa wawili wamekuwa weusi, wanajibana nyuma ya hita na hawagusi chakula. Mmoja anatoa kinyesi cheupe kama uzi. Nimepima maji: amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) sifuri, pH (kipimo cha uasidi wa maji) 7.4. Wanne waliobaki wanakula vizuri tu, na yule mkubwa kazi yake ni kuwafukuza wenzake (jeuri kwelikweli).

Je, hivi ni vimelea vya tumboni au ni uonevu tu? Niwatenge hao wawili niwape metronidazoli (dawa ya vimelea), au nitibu tangi zima? Na nikipandisha joto hadi nyuzi 32, hewa ya hilo sponji moja itatosha? pH sijaigusa, naogopa ikiyumba itawaumiza zaidi.