Lenzi nafuu kwa nyumba za Mji Mkongwe: Samyang, TTArtisan au lenzi kongwe yenye adapta?

Mkaazi wa Kiponda
Assalamu alaykum ndugu zangu. Napiga picha milango na roshani za Mji Mkongwe kwa Sony a6000, na kila nikiinua kamera ili niipate roshani ya juu, kuta huonekana zimelaliana kuelekea juu. Nina uwezo wa kununua lenzi moja tu. Nimebaki na tatu: Samyang ya milimita 24 inayoinama na kusogea, TTArtisan ya milimita 50 inayoinama, na Helios 44-2 ya zamani, inayofungwa kwa adapta (kiunganishi cha lenzi na kamera ya aina nyingine). Mnanishauri ipi?

Baharia wa Malindi
Wa alaykumu salaam kaka. Maradhi uliyoyaeleza dawa yake ni kusogeza, si kuinamisha. Ukiiweka kamera wima, sambamba na ukuta, kisha ukaipandisha lenzi peke yake, roshani huingia kwenye picha na mistari ya nyumba hubaki imesimama. Kuinamisha hulaza tambarare ya fokasi, yaani eneo linaloonekana kwa ukali, kwa kanuni iliyopewa jina la Theodor Scheimpflug wa Austria, na faida yake huonekana zaidi pale unapotaka ukali kuanzia mawe yaliyo miguuni pako hadi jahazi lililo mbali bila ya kuubana sana upenyo, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga. TTArtisan huinama hadi digrii 8 lakini haisogei, kwa hiyo kwa kuta zako haitasaidia kitu. Samyang hufanya yote mawili, digrii 8.5 na milimita 12, na ilipoingia sokoni bei yake ilikuwa takriban nusu ya ile ya Canon TS-E 24 toleo la pili, lenzi ya Canon ya aina hiyohiyo. Mimi ningechukua hiyo.

Bi Karafuu, Wete
Kwa heshima, Baharia, hapo umeisahau sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Sensa ya a6000 ni ndogo, kwa hiyo milimita 24 huona kama 36 za kamera ya fremu kamili (yenye sensa kubwa zaidi), na katika vichochoro vya Kiponda, ambako mgongo wako huwa umeshagusa ukuta wa pili, huo si upana mkubwa. Lakini udogo huohuo ni neema. Lenzi kongwe ya Nikon ya milimita 24 f/2.8 (namba ya f ni kipimo cha upenyo; ikiwa kubwa, tundu ni dogo) hutupa duara la picha lenye kipenyo cha milimita 43 hivi, ilhali ulalo wa sensa yako ni kama 28 tu. Nafasi inayobaki ndiyo ya kusogezea. Zipo adapta za Nikon kwenda Sony zinazosogea zenyewe, na kwa hesabu ya duara hilo utapata takriban milimita 10 kamera ikiwa imelazwa, na 8 ikiwa imesimamishwa. Pembeni kabisa ukali hupungua, basi ubane upenyo hadi f/8 au f/11 na utumie tripodi. Fokasi ni ya mkono, kama ilivyo kwa Samyang.

Mkaazi wa Kiponda
Ahsante sana, Bi Karafuu. Na Helios je?

Fundi wa Shangani
Helios 44-2 ni ya sura za watu. Ni milimita 58, f/2, imefuata muundo wa Biotar, lenzi ya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, na majani yaliyo nyuma ya mtu huzunguka kama kimbunga. Naipenda mno, ila si ya nyumba. Mimi namuunga mkono Bi Karafuu, kwa sharti moja. Kabla ya kulipa, fungua upenyo wote, mulika tochi kutokea nyuma na utazame kwa mshazari: ukiona nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo ikishakula kioo alama zake hazifutiki hata lenzi ikisafishwa. Kwa unyevu wetu, khasa wakati wa masika, usiihifadhi katika mfuko wa ngozi. Iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga barabara pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na vifuko hivyo uvikaushe kila vinapolowa.

Baharia wa Malindi
Nimekubali hoja ya sensa. Kaka, iwapo unakusudia kununua kamera ya fremu kamili karibuni, Samyang bado ina nafasi yake, kwa sababu adapta ile hapo itakutia giza kwenye pembe. Kama utabaki na a6000, nunua Nikon kongwe na adapta.