MJADALA: Mafuta na sabuni "za asili" za mtaani Mtwara, zipimwe na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) au tuziache zilivyo?

Binti Mikindani (mwanzisha mada)
Wadau, shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Juzi sokoni nimenunua kopo la mafuta ya kujipaka kwa elfu tatu, limeandikwa kwa kalamu ya wino: ASILI 100%, YANANG'ARISHA WIKI MBILI. Tarehe hakuna, jina la mtengenezaji hakuna. Namuuliza dada muuzaji kuna nini humu, ananijibu, "Nazi, manjano na karoti tu, mpenzi."

Sasa nisikilizeni. Manjano ninayoijua mimi ukiigusa vidole vinabaki vya njano mpaka kesho yake. Haya ni meupe pe. Halafu ilikuwa saa saba mchana. Mafuta ya nazi ya kweli kwa joto letu yanakuwa maji, ukiinamisha chupa yanamwagika. Haya yamesimama koponi kama samli ya mwezi wa saba.

Zebaki na hidrokwinoni, zile kemikali za kung'arisha ngozi, kwenye vipodozi zimepigwa marufuku nchini miaka mingi, na tangu 2019 kazi ya vipodozi iko TBS. Lakini tunavyoona mtaani, boksi lenye maandishi ya kigeni ndilo linalokamatwa, kopo la "asili" linapita kama mchicha. Mimi nasema vyote vipimwe, hata cha shangazi yangu. Mnasemaje?

Mpika Sabuni
Dada, mwenye kosa ni yule wa kopo, fimbo unataka inichape mimi. Nakuna nazi kwa mbuzi mpaka bega linauma, nakamua tui, nalichemsha mpaka mafuta yaelee. Nazi kumi na tano zikinipa lita moja namshukuru Mungu. Leo niambiwe nipande basi na sampuli mkononi, nijaze fomu, nisubiri, wakati mwenye mkorogo anachanganya kwenye beseni usiku na asubuhi kashauza? Ukiweka geti, mwaminifu ndiye anayepanga foleni. Bibi zetu walijipaka liwa na mafuta ya ufuta, nani aliwapima?

Mbanguaji, Newala
Hilo neno "asili" mnalitamka kama dua. Njooni niwaonyeshe vidole vyangu.

Ndani ya ganda la korosho mna mafuta meusi. Ni ya asili kabisa, hakuna kiwanda kilichotia mkono. Yakikugusa yanaunguza, ngozi inakuwa nyeusi kisha inabambuka kama ganda la kitunguu. Ndiyo maana tukibangua kwa mkono tunajipaka majivu kwanza. Jirani yangu aliambiwa yanatoa madoa usoni, akatia tone shavuni. Doa lilitoka kweli, na kovu analo mpaka leo.

Na chakula vilevile. Muhogo mchungu ni wa asili, lakini mwaka wa njaa watu wakifupisha kazi, wakala makopa (muhogo mkavu) ambayo hayajakaa inavyotakiwa, sumu inabaki. Kusini huku tumeona konzo: mtu anaamka miguu imekakamaa, na hairudi kama zamani. Kinga yake ni uvumilivu tu. Unga wa muhogo unalowanishwa maji, unatandazwa mwembamba kivulini kwa muda wa saa tano, sumu inaondoka na hewa, ndipo unasonga ugali.

Kwa hiyo Mpika Sabuni, bibi zetu walipimwa. Walipimana wenyewe, kijiji kizima kinajua nani kapika nini. Kopo la sokoni halina bibi.

Mtani wa Lindi
Mmakonde kaongea point leo, mvua itanyesha. Langu fupi: msimu wa korosho mabibo yanaoza chini ya mikorosho, na bibo lina vitamini C kulishinda chungwa. Tunayageuza uraka, ile pombe ya mabibo, kisha tunakwenda kununua krimu ya vitamini C kwa elfu ishirini. Kuleni mabibo, kuleni ming'oko (vile viazi vya porini), ngozi itajijua yenyewe.

Muuguzi wa Kusini
Mtani, mabibo ni mazuri, ila hayatoi zebaki mwilini, tusidanganyane.

Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana mtu anang'aa haraka. Inapenya, inaingia kwenye damu, figo ndizo zinazoumia. Mama akijipaka, mtoto anayelala kifuani mwake anaipata, na wanaotumia taulo lake pia. Hidrokwinoni ya muda mrefu inaleta yale madoa meusi ya kibluu mashavuni, kisha mtu anaongeza krimu kuyafuta. Krimu za steroidi zinachakaza ngozi mpaka inakuwa kama karatasi ya sigara, na ukiziacha ghafla uso unalipuka. Mkitaka kuacha, njooni kituoni, semeni ukweli mmejipaka nini. Hatugombani na mtu.

Na ile rangi mnayoifukuza ndiyo kinga ya jua. Waulizeni ndugu zetu wenye ualbino wanavyohangaikia losheni ya kujikinga.

Kuhusu mada: mimi niko na Binti, ila kwa sharti. Kitu chochote kinachoahidi kung'arisha kipimwe kwanza. Sabuni ya nazi ya kunawia isubiri.

Binti Mikindani
Muuguzi, sharti lako lina tundu. Mwenye mkorogo atafuta neno "kung'arisha" na kuandika "kulainisha", tumemaliza kazi. Mpika Sabuni, umepita SIDO, lile shirika la viwanda vidogo? Mjasiriamali mdogo akitokea huko, alama ya TBS miaka 3 ya mwanzo halipii.

Mpika Sabuni
Nimesikia. Bure ni alama, nauli na siku nisizouza ni zangu. Waje wao na vipimo vyao sokoni siku ya gulio, mimi nitakuwa wa kwanza kufungua ndoo. Lakini waanzie meza ya yule dada, siyo yangu.

Mbanguaji, Newala
Hapo nakuunga mkono mwanangu. Waje.

Mpika Sabuni
Binti, lile kopo umeshalitupa?

Binti Mikindani
Liko dirishani juani tangu asubuhi. Sasa hivi saa nane. Mafuta yangu ya nazi pembeni yake yamekuwa maji zamani, lenyewe bado limesimama.