Tofali za kuchoma au mawe kwa ukuta wa nje? Nyumbani hatuelewani

Linta_Tayari: Wakuu, salaam. Nyumba yangu ya bloku imefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Nje sitaki rangi, nimechoka kupaka kila baada ya miaka michache. Mimi nataka tofali za kuchoma, mwenzangu anataka mawe. Fundi nikimuuliza anasema "yote sawa bosi," na hapo ndipo ninapokwama. Kipi kinadumu bila usumbufu?

Mwashi Mstaafu: Kwanza niambie, zege la msingi limetokeza kiasi gani nje ya ukuta? Tofali lina upana wa sentimita 10 hivi, na mawe ya kujengea ni hapo hapo au zaidi. Granaiti ina kilo karibu 2,700 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo safu ya sentimita 10 ni kama kilo 270 kwa kila mita ya mraba. Mzigo huo utakaa juu ya nini? Nijibu hilo ndipo tuje kwenye urembo.

Dada Kokoto: Mimi nilibandika mawe membamba juu ya plasta iliyokwisha pakwa rangi. Mvua za mwaka wa pili, usiku nikasikia kishindo nikadhani mwizi. Asubuhi nakuta kipande cha ukubwa wa mlango kiko chini, na nyuma ya mawe kuna rangi yangu, bado inang'aa! Gundi ilishika rangi vizuri kabisa. Rangi ndiyo haikushika ukuta.

Tanuri: Pole dada. Mimi ni wa tofali, ila lazima ziwe zimeiva. Gonganisha mbili: zilizoiva hulia kama chuma, mbichi hutoa mlio mzito wa kufa. Kwaruza kwa ukucha, isibaki alama. Kisha pima moja kavu, loweka saa 24, pima tena. Uzito ukiongezeka zaidi ya asilimia 20, achana nazo. Na fundi asikoroge saruji kali kwenye viungio. Vikiwa vigumu kuliko tofali, unyevu hutoka kupitia tofali lenyewe, na uso wake huanza kubanduka.

Linta_Tayari: Nimefukua pembeni jioni hii. Zege limetokeza vidole viwili tu. Naweza kuongezea jipya pembeni?

Mwashi Mstaafu: Usithubutu, mwanangu. La zamani limeshatulia, jipya litaanza kutitia, na ufa utapita pale yanapokutana. Tofali nzima na mawe mazito sahau. Baki na vipande vya tofali vya kubandika au mawe membamba. Jiwe la sentimita 2.5 halifiki kilo 70 kwa mita ya mraba, na uzito wake unashikwa na ukuta.

Kwa wengine mnaosoma, ambao msingi wenu unaruhusu: acheni nafasi ya sentimita 2.5 nyuma ya tofali, na vitundu vya kutolea maji chini kabisa. Maji yatapenya tu, cha muhimu ni yapate njia ya kutoka. Nimeona wenye nyumba wakiviziba kwa saruji wakidhani fundi alisahau.

Dada Kokoto: Na jiwe la chokaa lisisafishwe kwa asidi, litalika. Brashi laini na maji yanatosha.

Linta_Tayari: Mwenzangu amesoma uzi wote begani kwangu. Ameamua mawe kutoka chini hadi usawa wa dirisha, juu kaniachia vipande vya tofali.

Tanuri: Umepewa nusu, shukuru.

Mwashi Mstaafu: Uamuzi mzuri, maana chini ndiko mvua inakorusha matope. Ila pale mawe yanapoishia weka ukingo unaoinamia nje, maji yasilale juu yake. Na mawe yaanze sentimita 15 juu ya ardhi, yasiguse udongo. Fundi akisema yote sawa, simama hapo hapo mpaka apime.