Cabernet tatu za zamani, nichukue ipi? (Tanga)

Mwana_Chumbageni
Heshima kwenu wakuu. Kuna mzee wa shamba la mkonge anahama Tanga, anauza chupa zake za Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu. Zimebaki tatu: Stellenbosch (Afrika Kusini) ya 2009, Bordeaux (Ufaransa, eneo la Pauillac) ya 2010 na Napa (California, Marekani) ya 2011. Kaka yangu anatimiza miaka 15 ya ndoa mwezi ujao, nataka siku hiyo tufungue kitu cha maana. Mfuko unatosha moja tu. Nichukue ipi?

Fundi_Kizibo
Mkuu, jambo lenyewe hujalisema. Zilihifadhiwa wapi? Zililazwa au zilisimamishwa? Mvinyo umeishia wapi shingoni?

Dada_Raskazone
Bordeaux, bila kupepesa macho. 2010 ulikuwa mwaka mkubwa kule, una asidi na ukakasi wa kukaa miongo. Napa 2011 baridi na mvua viliwasumbua wakulima. Cabernet isipoiva vizuri shambani, mvinyo unabaki na harufu ya pilipili hoho, na uzee hauiondoi yote.

Mzee_wa_Pangani
Nyie mnasifia mwaka, mimi naogopa joto la huku kwetu. Krismasi moja nilinunua Cabernet ya miaka 12 kwenye duka moja Dar, chupa imesimama dirishani inapigwa jua. Nikaangalia lebo tu. Nyumbani nakata karatasi ya shingoni, kizibo kimeinuka kama milimita tatu, ubavuni kina mstari mwekundu kutoka chini hadi juu. Nikamimina, nikainamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Iliyokomaa vizuri huwa na rangi ya tofali ukingoni, katikati bado nyekundu. Hii yote ilikuwa kama chai ya rangi iliyolala. Harufu ya zabibu kavu zilizochemshwa, na siki kwa mbali. Wageni wakanywa kwa adabu. Iliyobaki iliishia kwenye sufuria ya nyama. Iliniuma sana.

Fundi_Kizibo
Pole mzee wangu. Ndiyo maana nauliza. Chupa inataka nyuzi 12 hadi 14, gizani. Hapo tanini, zile zinazoleta ukakasi, zinashikana taratibu, zinazama na kuwa mashapo, ulimi hauparuzwi tena. Harufu ya matunda inapungua, inakuja ya tumbaku, ngozi, udongo uliolowa. Joto linaua matunda kabla hayo mengine hayajafika.

Kijana_Ngamiani
Kwani ya Dodoma ina nini? Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na pesa inabaki nyumbani.

Dada_Raskazone
Ya Dodoma naipenda na nainywa, ila nyingi ni za kunywa mapema. Hapa tunaongelea ya kukomaa. Cabernet ina ganda nene, ndiyo inayoipa ukakasi wote huo, ingawa mzazi wake mmoja ni zabibu nyeupe.

Kijana_Ngamiani
Nyekundu izaliwe na nyeupe? Hapana dada.

Dada_Raskazone
Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, mdogo wangu. Vinasaba vilipimwa Chuo Kikuu cha California, Davis, matokeo yakachapishwa 1997.

Mwana_Chumbageni
Nimetoka kwa mzee. Bordeaux na Napa zimekaa kabatini sebuleni tangu 2014, zimesimama, kiyoyozi usiku tu. Mvinyo wa Bordeaux umepungua hadi begani mwa chupa. Stellenbosch ilikuwa Lushoto kwenye baridi, kwa rafiki yake, imelazwa, imeletwa huku mwaka jana. Imejaa hadi shingoni.

Fundi_Kizibo
Stellenbosch. Isimamishe siku mbili mashapo yatulie, halafu mimina polepole kwenye jagi, mwanga ukiwa nyuma ya shingo. Ukiona uzi mweusi unakuja, acha.

Dada_Raskazone
Mimi bado niko Bordeaux. Nimewahi kunywa iliyopungua hadi begani, ikawa nzuri ajabu. Mwombe akupunguzie bei.

Mzee_wa_Pangani
Mwanangu, kizibo cha hiyo Bordeaux kimeinuka? Pitisha kidole juu ya karatasi ya shingoni, utakisikia.

Mwana_Chumbageni
Hilo sikuangalia. Narudi kwake Jumamosi asubuhi.