Lenzi ya 500 nyepesi: kupunguza gramu 840 kunastahili pesa yote hiyo?

Dereva_wa_Meru:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dereva na mwongoza watalii hapa Arusha, ndege nawapiga picha kwa mapenzi tu. Nina kamera ya Nikon D500 na ile lenzi ya kuvuta ya milimita 200-500 f/5.6 (hiyo f ni uwazi wa kuingiza mwanga: namba ikipanda, mwanga unapungua). Lenzi peke yake kilo 2.3. Mwezi jana mgeni wangu mmoja aliniachia kwa saa nzima lenzi yake nyepesi, 500 f/5.6 PF, pale maziwa ya Momela. Kilo 1.46. Nilimpiga kibisi na vifaranga mgongoni, mikono mitupu, bila kuegemea hata mti, na bega langu la kushoto (lina hadithi yake ya pikipiki, tuiache) halikulalamika.

Sasa shida. Zilipotoka, yangu iliuzwa dola 1,400 kule Marekani mwaka 2015, na ile nyepesi dola 3,600 mwaka 2018. Zote zinafika 500, zote f/5.6, hata filta ya mbele ni ile ile ya milimita 95. Yaani mwanga hauongezeki hata tone. Nimepata iliyotumika, lakini hata hiyo mama watoto ameshaigeuza hesabu ya mabati ya jikoni. Nalipia nini hasa?

Mzee_Kifuko:
Mkuu, unalipia kipande kimoja cha kioo. Hiyo PF ni kioo chenye mikato midogo midogo ya duara, ukoo mmoja na zile lenzi za minara ya taa alizobuni Mfaransa Fresnel miaka ya 1820. Kinarekebisha rangi zinazotawanyika, kazi ambayo ingehitaji vioo vingine vizito, ndiyo maana lenzi inafupika. Kukitengeneza si mchezo. Canon walitangulia na 400 f/4 DO mwaka 2001, nayo haikuwa ya bei ya mnyonge.

Ila nikuulize: unapigia wapi? Ndani ya Land Cruiser paa likiwa wazi, anayebeba lenzi ni kifuko cha maharage, na kifuko hakichoki. Halafu hiyo 500 haivuti, haina kurudi nyuma mpaka 200 kama yako. Tembo wa Tarangire akisimama mita 15 kutoka garini, kwa D500 yako fremu nzima ina upana wa sentimita 70 hivi. Utaondoka na jicho na mikunjo. Mie nimebaki na 200-500, sijuti.

Chozi_wa_Tanga:
Kaka, mzee wetu hapo juu anasema kweli, lakini kweli ya garini. Njoo Amani, Usambara, uitembeze kilo 2.3 mlimani toka asubuhi. Hondohondo unasikia mabawa yanavuma kabla hujamwona. Siku hiyo lenzi ilikuwa inaning'inia begani, kioo kinatazama chini. Mpaka nimeinyanyua na kumtafuta, keshavuka bonde. Niliiuza wiki ile ile.

Usidhani wepesi ni wa matajiri tu. Canon RF 600 f/11 ina gramu 930, ilianza kwa dola 699 mwaka 2020. Lakini f/11 inaingiza robo tu ya mwanga wa f/5.6. Chini ya miti ya huku, saa kumi jioni, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) itapanda mpaka picha iwe uji wa mtama.

PF ina kasoro yake: taa kali au jua likiingia kwenye fremu, inaweza kutokea pete ya rangi. Machweo mimi napiga kwa simu. Na ukinunua iliyotumika, mulika tochi kwa nyuma ukague kuvu. Joto la pwani linazila lenzi kimya kimya.

Dereva_wa_Meru:
Ahsanteni sana. Jana usiku nimehesabu picha nilizohifadhi mwaka mzima: 61. Za kwa mguu 9 tu. Nikasema basi, mzee kashinda. Halafu nikafungua daftari la safari. Kwa mguu nilitoka mara 14, na mara 8 nimeandika mwenyewe: "kamera nimeiacha garini." Hizo 8 hazimo kwenye 61, zingetoka wapi? Mojawapo ni Momela, askari na bunduki yake mbele, furukombe anamrarua samaki hatua ishirini hivi kutoka tulipo, na mimi nimeshika chupa ya maji.

Mzee_Kifuko:
Hapo umenifunga mdomo. Na tembo je?

Dereva_wa_Meru:
Tembo nimewapiga miaka 16, mzee wangu, wananitosha. Natafuta mnunuzi wa 200-500: mguu wake wa kufungia stendi umekwaruzika, kioo safi, tochi nimeshamulika. Kifuko natoa bure. Maharage yenyewe mama watoto keshayadai.